Futi ya Fundi na Wimbi la Mapigo



Kila moyo unapopiga, wimbi huondoka kwenye mlango wa moyo na kukimbia katika kuta za mishipa hadi kwenye vidole vya miguu. Ndilo tunaloligusa tunaposhika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Wimbi hilo lina kasi yake, na kasi hiyo inaweza kupimwa bila sindano na bila kupasua ngozi. Ikipimwa vizuri inatuambia jambo ambalo mkanda wa presha peke yake hautuambii: mishipa mikubwa ya mtu huyu bado inanyumbuka, au imeanza kukakamaa?

Kwa muda mrefu kipimo hiki kimehesabiwa kuwa cha wenye nacho. Mashine zinazotumika Paris, London na Sydney huuzwa kwa maelfu mengi ya dola, na kijana wa chuo kikuu cha Muhimbili, Makerere au Moi anayeandika pendekezo la utafiti wake akiiona bei hiyo huachana na wazo. Mimi nashikilia kwamba hana sababu ya kuliacha. Kinachopimwa hapa ni urefu na muda, na vyote viwili hupimika kwa gharama ndogo. Hofu yangu iko kwingine. Katika vifaa vya bei nafuu vilivyojaa sokoni, vipo vinavyopima, na vipo vinavyokisia kisha vikatoa namba kwenye kioo kana kwamba vimepima. Mtafiti asiyezitenganisha aina hizi mbili anaweza kumaliza miaka miwili akikusanya umri wa watu, huku akiamini kwamba anakusanya hali ya mishipa yao.

Tuanze na mshipa wenyewe. Moyo wa mtu mzima ukijikunja mara moja husukuma damu ya kiasi cha mililita 70 hivi kuingia kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni. Aota yenye afya hutanuka na kuipokea. Moyo unapopumzika, aota hujirudi na kuisukuma ile damu iliyobaki iendelee na safari, ndiyo maana mkondo haukatiki kati ya pigo na pigo. Stephen Hales, kasisi wa Kiingereza, aliliona hili mapema. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1733 alieleza jinsi alivyoingiza bomba la shaba kwenye mshipa wa farasi na kuitazama damu ikipanda katika mrija mrefu wa kioo. Alifananisha mishipa na chumba cha hewa kilichokuwa ndani ya pampu za zimamoto za zama zake, zilizopokea maji kwa mikupuo na kuyatoa kwa mkondo mmoja. Farasi alikufa. Karne tatu hivi zilizofuata wataalamu wamekuwa wakitafuta namna ya kupata habari ileile bila kumjeruhi yeyote.

Unyumbukaji wa aota unatokana na nyuzi za protini iitwayo elastini. Mwili hutengeneza sehemu kubwa ya nyuzi hizi kabla mtoto hajazaliwa na katika miaka ya mwanzo ya uhai, na baada ya hapo hutengenezwa kidogo mno. Moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku. Piga hesabu ya miaka 50, utaona nyuzi hizo zimevutwa na kuachiwa mara ngapi. Zinachakaa, zinakatika, na nafasi yake inashikwa na kolajeni, ambayo ni ngumu. Presha ya juu huharakisha uchakavu huo, kisukari vilevile, sigara vilevile. Kwa mgonjwa wa figo, chokaa nayo hutuama katika kuta za mishipa.

Mshipa ukikakamaa, presha ya juu hupanda na ya chini hushuka. Ndipo unapompata mzee mwenye 160 kwa 70, na wanawe wakafarijika kwa ile 70. Pengo la 90 kati ya namba mbili hizo ni dalili kwamba aota haipokei tena pigo kama zamani. Moyo unasukuma dhidi ya ukuta mgumu, na pigo ambalo zamani lilipunguzwa makali njiani sasa linafika na nguvu zake kwenye mishipa midogo ya ubongo na ya figo, ambayo haikuumbwa kulistahimili.

Sasa kasi. Watu wengi, hata waliosoma, huchanganya kasi ya damu na kasi ya wimbi. Damu yenyewe huenda chini ya mita moja kwa sekunde hata ndani ya aota, ukichukua wastani wa pigo zima. Wimbi huenda mita 5, 8, hata 15 kwa sekunde. Chukua kamba ya kuanikia nguo: ikilegea, ukiipiga upande huu mtikisiko unafika upande wa pili kwa kujivuta, na ikikazwa unafika mara moja, ingawa kamba yenyewe haijasafiri popote. Thomas Young wa Uingereza alilieleza jambo hili mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1808, na mwaka 1878 Waholanzi wawili, Moens na Korteweg, wakalitolea kanuni ya hesabu ambayo bado tunaitumia. Ukuta ukiwa mgumu zaidi au mnene zaidi, wimbi hukimbia zaidi. Kijana asiye na maradhi aghalabu hupata kama mita 6 kwa sekunde. Mtu wa miaka 70 na zaidi hukaribia 11.

Namba hizi zina uzito kwa maisha ya watu. Mwaka 2010 uchambuzi uliokusanya tafiti 17, zenye watu 15,877, ulionyesha kwamba kila mita moja kwa sekunde inapoongezeka, matukio ya maradhi ya moyo na mishipa, ukiwemo kiharusi, huongezeka kwa takriban asilimia 14, hata baada ya umri, jinsia na vihatarishi vingine kuwekwa kwenye hesabu. Wataalamu wa Ulaya wakakubaliana mwaka 2012 kwamba kati ya shingo na kinena, kasi inayozidi mita 10 kwa sekunde ni ya kuonya.

Njia inayoheshimika kuliko zote ndiyo hiyo ya shingo na kinena. Hebu tumwone mshiriki mmoja. Ni mama wa makamo, amevaa dera, amejifunga kanga juu yake. Mtafiti anamwamkia, "Shikamoo mama," anamweleza kinachofuata, anamwomba alale chali kwa dakika kumi katika chumba tulivu. Tangu saa tatu zilizopita hajanywa kahawa wala chai ya rangi, na wakati wa kipimo haongei wala halali usingizi. Mtafiti anatafuta mapigo upande wa kulia wa shingo, anaweka alama, halafu anatafuta mapigo ya kinena. Baina ya alama mbili hizo anapima urefu kwa futi, hiihii ya fundi cherehani.

Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni tumbo na kifua. Futi ikipita juu ya tumbo lililojaa inasoma urefu ambao wimbi haliupiti ndani ya mwili. Futi inatakiwa ivutwe hewani, imenyooka, au mtafiti atumie rula ndefu yenye miguu miwili, ambayo seremala yeyote anaweza kuitengeneza kwa mbao. Halafu, kwa makubaliano yale ya 2012, urefu huo unazidishwa kwa asilimia 80, kwa kuwa umbali wa kweli unaopitiwa na wimbi ni mfupi kuliko mstari huo wa juu ya ngozi. Zamani kizingiti cha hatari kilikuwa mita 12. Ukizidisha kwa 0.8 unapata 9.6, wakakiweka kwenye 10. Mtafiti anayesahau hatua hii moja ataongeza kasi ya watu wake wote kwa robo nzima, na atatangaza janga la mishipa mahali ambapo halipo.

Mtego wa pili ni kinena chenyewe. Katika jamii zetu kinena si mahali pa kuguswa na mtu baki, na mshiriki anayeona haya akinyamaza, moyo wake haunyamazi. Presha inapanda, na wimbi linaongeza kasi kwa sababu ya presha hiyo. Mtafiti wa kike kwa washiriki wanawake si suala la adabu peke yake. Linagusa usahihi wa data. Vifaa kadhaa vya sasa vimehamisha kipimo cha chini kutoka kinena hadi paja kwa kutumia mkanda wa kujaza hewa, na kwa mazingira yetu naona hiyo ni hatua kubwa. Wafaransa wametengeneza kifaa chenye klipu mbili za mwanga, moja kidole cha mkono na moja kidole cha mguu. Mshiriki anavua viatu tu. Ubaya wake ni kwamba njia hiyo inapitia mishipa ya mguu, ambayo haizeeki kwa namna ileile ya aota, na miguu ikiwa ya baridi mapigo hayasomeki vizuri.

Tukifika kwenye muda ndipo fundi na mtafiti wanapotakiwa kukaa meza moja. Tuseme futi imesoma sentimita 62 na nusu. Asilimia 80 yake ni sentimita 50. Wimbi la mita 8 kwa sekunde litavuka umbali huo kwa milisekunde 62 na nusu, yaani sehemu elfu za sekunde. Wimbi la mita 10 litauvuka kwa milisekunde 50. Kati ya mtu asiye na shaka na mtu wa kuonywa pana milisekunde 12 na nusu. Sasa chukua vihisio vya mwanga vya bei rahisi, vile vinavyouzwa kwa dola chache na kuunganishwa na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti. Vingi, ukivinunua na kuviwasha bila kubadilisha chochote, huandika mapigo mara 100 kwa sekunde, yaani mara moja kila milisekunde 10. Kifaa kinachokosea kwa milisekunde 10 kinatumwa kutofautisha milisekunde 12. Hakitaweza, isipokuwa kimerekebishwa.

Marekebisho yapo na hayana gharama kubwa. Kifaa kiandike walau mara 500, na ikiwezekana mara 1,000 kwa sekunde. Vihisio vyote viwili vifuate saa moja ya ndani. Saa janja mbili zilizofungwa sehemu mbili za mwili kila moja huhesabu muda wake, na baada ya dakika chache zinapishana. Yachukuliwe mapigo kumi au zaidi na kutafutiwa wastani. Na alama ya kuanza kwa wimbi iwe mguu wake, pale linapoanza kunyanyuka, kwa sababu kilele hubadilishwa umbo na mawimbi yanayorudi kutoka chini. Hesabu ya kuutafuta mguu wa wimbi kwa kukutanisha mistari miwili inajulikana, imechapishwa, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi anaweza kuiandikia programu.

Lipo kosa lingine ninalolikuta mara kwa mara katika mapendekezo ya utafiti. Mtu anachukua kipimo cha umeme wa moyo, anaweka kihisio kwenye kidole, anahesabu muda kutoka umeme wa moyo hadi mapigo ya kidole, anaita huo muda wa safari ya wimbi. Lakini moyo ukishapata umeme haufungui mlango papo hapo. Hujikunja kwanza kwa makumi ya milisekunde, na muda huo hubadilika kwa hofu, kwa dawa, kwa kusimama na kukaa. Anachopima ni safari pamoja na maandalizi ya safari. Dawa yake ni rahisi: pima kutoka umeme hadi shingoni, kisha kutoka umeme hadi kinena, halafu toa. Maandalizi yanakatana, inabaki safari tupu. Kwa njia hii kihisio kimoja kinatosha, kikihamishwa kutoka shingo kwenda kinena, mradi mapigo ya moyo yawe tulivu kati ya vipimo viwili. Mashine kadhaa za bei ghali hufanya hivyohivyo.

Na hapa nataka wasikilizaji wa hospitali za mikoa na kaunti wanisikie vizuri. Mashine ya altrasaundi yenye Dopla mnayoitumia kila siku, ikiwa na nyaya za umeme wa moyo, inaweza kupima kasi ya wimbi. Weka kichwa cha mashine shingoni, hifadhi picha. Kiweke kinena, hifadhi picha. Pima kwenye kioo muda kutoka alama ya umeme hadi damu inapoanza kukimbia, mara mbili. Fedha mpya hazihitajiki. Kinachohitajika ni mafunzo ya siku chache, na mtu mwenye subira ya kurudia kipimo. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde, anapima cha tatu na kuchukua cha katikati.

Turudi kwa wakisiaji. Ipo kanuni inayochukua umri na presha ya wastani na kutoa kasi ya wimbi bila kumgusa mtu. Ina matumizi yake. Katika kundi kubwa la watu wa kawaida matokeo yake hukaribia kipimo cha kweli, kwa sababu umri na presha ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya kasi hiyo. Anayeitumia na kusema wazi kwamba ametumia kanuni, simlaumu. Tatizo linakuja pale baadhi ya mikanda ya presha ya mkononi inapotoa namba ya kasi ya aota ambayo, ukiichimba, imejengwa zaidi na umri ulioingizwa na presha iliyosomwa, na umbo la wimbi limechangia kidogo.

Fikirini madhara yake kwetu. Maswali makubwa ya mishipa katika ukanda huu yanahusu vijana: kijana wa miaka 25 anayeishi na virusi vya UKIMWI tangu kuzaliwa, binti mwenye selimundu, dereva wa bodaboda mwenye kisukari ambaye hajajijua. Tunataka kujua kama maradhi yamezeesha mishipa yao kabla ya wakati. Kanuni inayojua umri na presha tu itamwangalia kijana huyo na kusema mishipa yake ni ya miaka 25, kwa kuwa ndicho tulichoiambia. Ugonjwa tunaoutafuta hauna mlango wa kuingilia kwenye hesabu hiyo. Utafiti utatoka na jibu la kwamba hakuna tofauti, utachapishwa, na vijana hao watahesabiwa kuwa salama. Hili linaniuma kuliko suala la bei.

Njia za katikati zipo, na nitazipitia haraka. Tofauti ya presha ya juu na ya chini haina gharama na kila kituo cha afya kinayo; kwa watu waliovuka miaka 50 inaeleza mengi. Anayefanya kipimo cha presha cha saa 24 anaweza kuangalia presha ya chini inavyoifuata ya juu usiku na mchana. Watafiti wa Dublin walionyesha mwaka 2006, kwa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 11,000, kwamba uhusiano huo unatabiri vifo vya moyo na kiharusi, ingawa wengine wamepinga kwamba unapima ukakamavu wenyewe. Japani wamezoea kupima kutoka mkono hadi kifundo cha mguu kwa mikanda minne, na huko kizingiti cha kuonya ni mita 18 kwa sekunde. Msomaji akiilinganisha 18 ya Japani na 10 ya Ulaya bila kuuliza imepimwa wapi atapotea kabisa.

Njia ya kidole kimoja nataka nikae nayo kidogo zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Klipu ya mwanga kwenye kidole huchora wimbi lenye vilele viwili: cha kwanza kimekuja moja kwa moja, cha pili kinahusishwa na mawimbi yanayorudi kutoka sehemu za chini za mwili. Ukigawa urefu wa mtu kwa muda kati ya vilele hivyo unapata kiashiria cha ukakamavu. Mradi wa Biobank wa Uingereza, ulioandikisha watu wapatao laki tano kati ya 2006 na 2010, ulitumia klipu hiyo kwa zaidi ya watu laki moja na nusu. Hakuna mashine ya shingo na kinena ingeweza kufikisha idadi hiyo. Uchambuzi wa vinasaba uliotoka mwaka 2019 kwa kutumia data hiyo ulionyesha kwamba kiashiria hiki kina uhusiano wa kisababishi na presha, lakini haukuonyesha hivyo kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa wazee kilele cha pili mara nyingi kinafifia hata kisionekane, na wazee ndio wengi wetu tungependa kuwapima. Klipu ya kidole inafaa kwa utafiti wa watu wengi, na haifai kumhukumu mtu mmoja mmoja.

Mwanga unaleta suala la rangi ya ngozi, na sisi hatuwezi kulipita kimya. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba klipu za kupima oksijeni zilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya zilivyoshindwa kwa wagonjwa weupe. Kwa kasi ya wimbi tunatafuta muda wa mapigo, hatutafuti oksijeni, kwa hiyo athari yake si ileile. Hata hivyo mwanga wa kijani unaotumika kwenye saa nyingi za mkononi humezwa zaidi na ngozi nyeusi, na mapigo yanaandikwa dhaifu, yenye kelele. Mwanga wa infraredi hupenya vizuri zaidi. Anayeunda kifaa Kampala au Dodoma aanze na infraredi, na akijaribu kwa watu wa hapohapo.

Kwa nini nasisitiza hapohapo? Jedwali la viwango vya kawaida linalotumika duniani, lililotoka mwaka 2010, lilitokana na watu 16,867 wa nchi nane za Ulaya. Ni kazi nzuri, lakini mkulima wa Sumbawanga hayumo. Tunajua kwamba mazingira hubadilisha mishipa. Alberto Avolio na wenzake walipopima watu wa Beijing na wa vijiji vya Guangzhou, China, katika miaka ya 1980, waliona kasi ikipanda kwa umri kote kuwili, lakini ilipanda zaidi Beijing, ambako watu walikula chumvi nyingi na presha ilikuwa imeenea. Hapa kwetu, utafiti wa Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini Kenya magharibi, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha presha ikianza kupanda mapema baada ya kuhama. Presha walipima. Aota zao hakuna aliyezipima, na swali la nini kinatangulia, ukuta kukakamaa au presha kupanda, lingali na thamani leo katika kila mji wetu unaokua. Afrika Kusini wameanza: Chuo Kikuu cha North-West, Potchefstroom, kilikusanya vijana 1,202 wa miaka 20 hadi 30, weusi na weupe, wakiwa bado wazima, ili kuwafuatilia mishipa yao inavyobadilika.

Pendekezo langu ni hili. Ukanda mmoja hauhitaji mashine ishirini za bei ghali. Inatosha moja ya rejea, katika hospitali moja ya rufaa, inayotumiwa kwa zamu na vyuo kadhaa. Kila kifaa cha bei nafuu kinachotengenezwa au kununuliwa kiletwe kipimwe nayo. Masharti ya kimataifa yaliyowekwa mwaka 2010 yanataka watu 85 wa rika tofauti. Wastani wa tofauti ya vifaa viwili ukiwa ndani ya nusu mita kwa sekunde, na mtawanyiko usizidi 0.8, kifaa kinahesabiwa kuwa bora sana. Watu 85 ni kazi ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili. Kikifaulu, nakala zake kumi au hamsini ziende vijijini pamoja na mkanda wa presha, kwa kuwa kasi isiyo na presha ya wakati uleule haifasiriki.

Katika ripoti, mwanafunzi huyo aandike futi ilipita wapi, alizidisha kwa ngapi, kifaa kiliandika mara ngapi kwa sekunde, na kama umri uliingia kwenye hesabu popote. Ahifadhi wimbi zima, si namba ya mwisho peke yake, ili mtafiti wa Kisumu au Bujumbura alichambue upya kwa njia yake. Na kila aliyelala kwenye kitanda kile apewe majibu ya presha yake yameandikwa kwenye karatasi siku hiyohiyo, akionekana ana tatizo aelekezwe kliniki kabla hajaondoka.